Mtoto wa nyoka ni nyoka? Maswali kuhusu bipola, jeni na ukoo

Nilizaliwa Uganda, katika kambi ya askari, ambako Mwacholi, Mlugbara na Mnubi walielewana kwa Kiswahili, na shangazi yangu alianza kuugua bipola nikiwa darasa la tatu. Siku hizi, nikipata nafasi, huwatafsiria jamaa wanaoleta wagonjwa kliniki ya akili huku Kiganda kikiwapiga chenga na Kiingereza kikiwatisha: wake wa askari, madereva wa malori ya mpakani Busia na Malaba, wakimbizi kutoka Kongo. Maswali haya ni yao. Wanayouliza kwa sauti kubwa nimeyajibu kwa ufupi. Yale ambayo mtu hunivuta pembeni kwanza ndipo aulize, nimeyakalia zaidi.

Bipola ni ugonjwa gani hasa?

Ni ugonjwa unaompandisha mtu na kumshusha kwa vipindi. Akipanda, hali ambayo madaktari huiita mania, hulala saa mbili na kuamka na nguvu tele, huongea bila kituo, hugawa pesa, huanzisha biashara tatu kwa siku moja, na wengine husikia sauti au kuamini wametumwa na Mungu. Kipindi hicho huchukua wiki moja au zaidi. Akishuka, kitanda humshika: hana hamu ya chakula, ya watu, wala ya kuishi, kwa majuma au miezi. Katikati ya vipindi anaweza kuwa mzima kabisa, akafundisha shule, akashona nguo, akauza samaki sokoni.

Aina ya kwanza ina mania kamili. Aina ya pili ina kupanda kwa kiasi na kushuka kuzito. Kwa pamoja, aina hizi mbili humpata takriban mtu 1 katika kila 100.

Kwetu Uganda jina lenyewe halijulikani sana. Kwa Kiganda utasikia eddalu, neno linalobeba karibu kila aina ya wazimu. Kwa Kiswahili cha mitaani utasikia "huyo ni wa Butabika", yaani hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili, na mazungumzo yameishia hapo.

Ni kweli unarithiwa?

Kweli, kwa kiasi kikubwa. Ushahidi mzuri umetoka kwa mapacha. Mapacha wa kufanana wana vinasaba (jeni) vilevile, na wasiofanana wanashirikiana nusu tu, kama ndugu wengine wowote wa tumbo moja. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba pacha mmoja wa kufanana akiwa na bipola, mwenzake pia anayo katika jozi 40 hivi kwa kila 100. Kwa mapacha wasiofanana, ni jozi 5 hivi. Kwa hesabu za namna hiyo watafiti husema kwamba kati ya asilimia 60 na 85 ya tofauti baina ya watu katika kuupata ugonjwa huu hutokana na urithi.

Sasa itazame ile 40 mara ya pili. Hawa ni watu wawili walioumbwa kutoka yai moja, mara nyingi wamelala kitanda kimoja na kula chungu kimoja. Bado katika jozi 60 mmoja anaugua na mwenzake haugui. Vinasaba vina nguvu, ila havimalizi maneno.

Na ile asilimia 80 mnayoisikia redioni inawachanganya wengi. Inazungumzia jamii nzima. Haisemi kwamba mtoto wa mgonjwa ana nafasi 80 katika 100 za kuugua. Jibu la mtoto liko kwenye swali linalofuata.

Mama yangu ana bipola. Mimi je?

Denmark ni nchi inayotunza daftari la kila aliyetibiwa hospitalini kwa ugonjwa wa akili, kwa hiyo wao wanaweza kuhesabu kitu ambacho sisi tunakikisia tu. Mwaka 2010 watafiti walichapisha hesabu ya zaidi ya watu milioni 2. Kati ya watoto ambao wazazi wote wawili walitibiwa bipola, karibu 25 katika 100 walikuja kuipata. Ambao mzazi mmoja tu aliugua: 4.4 katika 100. Ambao wazazi wao hawakuugua: karibu nusu mtu katika 100.

Tafiti nyingine, zinazohesabu hata wasiofika hospitali, huiweka hatari ya mzazi mmoja kati ya 5 na 10 katika 100. Chukua ile kubwa, 10. Maana yake watoto 90 katika 100 wa mama mwenye bipola hawataipata bipola. Sonona, ugonjwa wa kushuka bila kupanda, nao hutokea zaidi katika familia hizi, kwa hiyo ukiona huzuni isiyoondoka, usingoje mania ndipo uende hospitali.

Binti mmoja wa miaka 19 nilipompa hesabu hii aliniuliza mara tatu kama nimekosea. Alikuwa amekua akiamini ni swali la lini.

Basi hiyo jeni ni ipi?

Hapa ndipo watu wanavunjika moyo, kwa sababu wanataka jina moja, na majina ni mamia.

Hata wanasayansi walilitaka jina moja. Mwaka 1987 jarida la Nature lilichapisha habari iliyozunguka dunia. Watafiti waliuchunguza ukoo mkubwa wa Waamish wa Pennsylvania, Marekani, wakulima wanaooana wenyewe kwa wenyewe, hawamiliki magari, na wanatunza majina ya mababu kwa vizazi. Wakasema wameiona alama ya ugonjwa kwenye kromosomu ya 11, mojawapo ya vifurushi vinavyobeba vinasaba. Magazeti yakaandika kwamba jeni imepatikana. Mwaka 1989 hesabu ikarudiwa, jamaa wapya wakiwa wameongezwa, na watu wawili waliokuwa wamehesabiwa wazima walikuwa wameugua katikati. Ushahidi ukayeyuka, jarida lilelile likachapisha kuyeyuka kwake. Mwaka huohuo wa 1987 kundi lingine lilikuwa limetangaza kromosomu ya X kutoka kwa familia za Israel, nalo baadaye likarudi nyuma.

Mimi siwacheki. Kutangaza mbele ya watu kwamba ulikosea ni jambo ambalo waganga, wachungaji na wanasiasa wetu wangejifunza. Kosa lao lilikuwa kudhani ugonjwa huu una mlango mmoja.

Waswahili tuna msemo unaoeleza jambo hili vizuri kuliko kitabu chochote cha biolojia: haba na haba hujaza kibaba. Kila mtu amebeba punje kadhaa za hatari kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Punje moja haina uzito wowote wa kuhisi. Zikikusanyika nyingi katika kibaba kimoja, na maisha yakaongeza zake, kibaba hufurika. Mwenye kibaba kilichojaa nusu ni mzima, na mwenye kilichojaa robo ni mzima pia, ingawa wote wawili wana punje.

Ili uione punje ndogo namna hiyo, ukoo mmoja hautoshi hata ukiwa mkubwa kiasi gani. Unahitaji kulinganisha vinasaba vya wagonjwa maelfu na vya wazima maelfu, herufi kwa herufi, maana vinasaba ni kama maandishi marefu, na kutafuta herufi zinazojitokeza kwa wagonjwa mara nyingi kidogo kuliko kwa wazima. Uingereza ilijaribu mwaka 2007 kwa wagonjwa wa bipola wapatao 2,000 na ikapata karibu hakuna la kushikika. Mwaka 2008 makundi yaliunganisha sampuli, na jeni mbili zikaanza kusimama: ANK3 na CACNA1C. Kuanzia hapo, kila watu walivyoongezeka kwenye hesabu ndivyo sehemu za vinasaba zenye punje za hatari zilivyoongezeka. Mwaka 2019 zilikuwa 30. Mwaka 2021, kwa wagonjwa 41,917, zikafika 64. Januari 2025, kwa wagonjwa 158,036 na wazima karibu milioni 2.8, zikafika 298, na kati ya hizo watafiti wakaweza kunyoosha kidole kwenye jeni 36 wanazoziamini zaidi.

Nyingi ya punje hizi humwongezea mtu hatari kwa kiasi kidogo sana, asilimia chache tu juu ya hatari ya kawaida. Kuna chache nzito na adimu. Iliyosimama vizuri ni jeni ya AKAP11, iliyochapishwa mwaka 2022: wanaozaliwa nayo ikiwa imekatika wana hatari kubwa mara kadhaa ya bipola na ya skizofrenia, ugonjwa mwingine mzito wa akili. Lakini watu hao ni wachache mno. Katika wagonjwa maelfu unaweza kuwahesabu kwa vidole vyako na vya jirani.

Jeni hizo zinafanya kazi gani mwilini?

CACNA1C hutengeneza mlango mdogo kwenye ukuta wa seli ya neva, mlango unaoingiza kalsiamu. Kalsiamu ikiingia, seli hupitisha ujumbe. ANK3 hutengeneza protini inayoshikilia milango mingine ya seli mahali pake, pale ambapo waya wa seli unaanzia, kama misumari ya bati. Ukizitazama zile 36 kwa pamoja, kadhaa zinahusika na mahali seli mbili za ubongo zinapokutana na kupeana habari, panapoitwa sinapsi. Hakuna jeni ya wazimu katika orodha hiyo. Zote ni jeni za kazi za kila siku ambazo hata wewe unazihitaji kusoma sentensi hii.

AKAP11 inanivutia kwa sababu nyingine. Protini yake hushikana na kimeng'enya kiitwacho GSK3, na lithiamu, dawa kongwe ya bipola, hukizuia kimeng'enya hichohicho. Dawa ilipatikana miongo kadhaa kabla ya jeni, kwa njia tofauti kabisa, na zote mbili zimekuja kugonga mlango mmoja. Huenda ni sadfa. Watafiti wengi hawadhani hivyo, na ndiyo maana wanaichimba.

Selimundu inapimwa kabla ya ndoa. Kwa nini hii haipimwi?

Swali zuri, na Uganda ndiyo nchi ya kuliuliza. Uchunguzi wa watoto wachanga uliofanyika nchi nzima, ukachapishwa mwaka 2016, ulikuta asilimia 13.3 wamebeba alama ya selimundu. Makanisa mengi huwaambia wachumba wapime, na kipimo kina maana: jeni ni moja, herufi iliyobadilika ni moja, na wazazi wawili wenye alama wana nafasi 1 katika 4 kwa kila mimba.

Bipola haina herufi moja ya kutazama. Kinachoweza kufanywa ni kujumlisha punje zako zote na kukupa alama ya jumla. Watafiti hufanya hivyo kwa kulinganisha makundi, na makundi yanatofautiana kweli. Kwa mtu mmoja mmoja alama hiyo ni hafifu: wenye alama ya juu wengi ni wazima, na wagonjwa wengi wana alama ya wastani. Zaidi ya hayo, alama hizi zimejengwa kwa damu ya Wazungu. Hesabu ya mwaka 2019 iliyotazama tabia na magonjwa mbalimbali ilionyesha kwamba alama zinazotegemea Wazungu hupoteza nguvu zaidi ya mara 4 zinapotumiwa kwa watu wenye asili ya Afrika.

Kwa hiyo kampuni ya mtandaoni inayokuambia tema mate ulipe dola, tutakwambia kama utapata bipola, nunua kuku kwa pesa hiyo.

Kwenye kikao cha ndoa wameuliza kama ukoo wetu una wazimu. Tujibu nini?

Hili ndilo swali la pembeni kuliko yote.

Shangazi yangu alikuwa na miaka 34 dada yangu alipochumbiwa. Upande wa pili ulituma wazee kuulizauliza kijijini, kama inavyofanywa kabla ya kwanjula, sherehe ya Waganda ya kutambulishana, na kabla ya mahari kwa makabila mengi. Wakaambiwa. Wakarudi na sura nyingine, na mzee mmoja akasema kwa Kiswahili safi, ili sote tusikie: "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Baba yangu, sajini asiyejua kunyamaza, siku ile alinyamaza. Mama ndiye aliyejibu. Aliwauliza: katika ukoo wenu hakuna hata mmoja aliyejinyonga, hakuna mlevi aliyelala mtaroni, hakuna mwanamke aliyejifungua akachanganyikiwa? Mzee akatazama chini. Ukoo usio na mtu kama huyo haupo, upo ukoo uliomficha.

Nikijibu leo kwa tarakimu, ningesema hivi. Punje za hatari ziko kwa kila mtu, kwao na kwetu. Shangazi wa bibi harusi si mzazi wake: kwa ndugu wa mbali hatari hushuka haraka na kuelekea ile ya watu wote. Hata ingekuwa mama yake bibi harusi, mjukuu wa mgonjwa amepunguziwa tena nusu. Na mwenye kukataa kuoa katika ukoo wenye bipola ataoa katika ukoo wenye kisukari, presha, au punje zilezile ambazo bado hazijafurika.

Je, ni vibaya kuuliza? Sioni vibaya. Kuficha kuna ubaya wake, kwa sababu mke anayeanza kupanda baada ya kujifungua anahitaji mume anayejua dalili. Mwanamke mwenye bipola ya aina ya kwanza, takriban 1 katika 5 huugua vikali wiki za kwanza baada ya kuzaa. Hiyo ndiyo habari ya kupeana kikaoni. Maneno ya nyoka yabaki porini.

Dada yangu waliachana na huyo mchumba. Akaolewa na mwingine, ana watoto wanne.

Mganga amesema ni mizimu ya ukoo. Daktari anasema ni jeni za ukoo. Tofauti iko wapi?

Mzee aliyeniuliza hili alikuwa akicheka, lakini ana hoja. Wote wawili wameona kitu kimoja: ugonjwa unafuata damu. Wahenga hawakuwa vipofu.

Tofauti iko kwenye kinachofuata. Mizimu inadai mbuzi na inataka aliyekosea atafutwe: nani aliiacha mila, nani alimroga nani. Jeni hazidai chochote na hazina aliyekosea, maana mzazi hachagui punje anayopitisha. Watu wengi Uganda huenda kwa mganga na hospitalini kwa wakati mmoja, na sitawagombeza. Ninachoomba ni viwili: mgonjwa asifungwe kamba wala minyororo, na asiachishwe dawa ghafla ili "dawa ya kienyeji ifanye kazi".

Mairungi, bangi na kukosa usingizi vinaingia wapi?

Ndizo punje ambazo maisha huongeza kwenye kibaba. Kukosa usingizi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: safari ya usiku, mkesha wa maombi, matanga ya siku nne, zamu za ulinzi. Mtu mwenye urithi huu anaweza kupanda baada ya usiku chache tu. Mairungi, yaani miraa, humnyima mtu usingizi na kumchochea. Bangi huongeza hatari ya kuchanganyikiwa, hasa ikianza ujanani. Waragi, pombe yetu kali, huharibu usingizi na kupigana na dawa. Hata vidonge vya sonona, vikitolewa peke yake kwa mwenye bipola, vinaweza kumrusha juu, kwa hiyo mwambie daktari kama aliwahi kupanda.

Skizofrenia na bipola ni ndugu?

Ni ndugu, tena wa karibu. Punje nyingi ni zilezile. Bipola ya aina ya kwanza inashirikiana zaidi na skizofrenia, na ya pili inashirikiana zaidi na sonona. Ndiyo maana katika familia moja unaweza kukuta mjomba mwenye ugonjwa mmoja na mpwa mwenye mwingine, na ndiyo maana hata daktari mzuri anaweza kubadilisha jina la ugonjwa baada ya miaka miwili.

Kwa nini wanakuja kuchukua mate yetu Afrika?

Kwa sababu mate hubeba vinasaba, na bila mate yetu hesabu ya watafiti ina shimo. Sehemu kubwa ya zile tarakimu nilizotaja juu zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Ile ya 2025 iliongeza Waasia wa Mashariki, Walatini na Wamarekani weusi, lakini bado Wazungu ndio wengi mno.

Wakati huohuo, binadamu ameishi Afrika kwa muda mrefu kuliko popote, na vinasaba vyetu vina tofauti nyingi kuliko vya bara lolote. Kuna herufi zilizopo Mbarara au Gulu ambazo huko London huzipati kabisa. Tena vipande vya vinasaba vinavyorithiwa pamoja ni vifupi kwetu. Tafuta mwizi katika jengo: kwa Wazungu unajua yuko ghorofa ya tatu, kwa Waafrika unaweza kujua chumba.

Manufaa yake yameshaonekana katika ugonjwa mwingine. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliwakuta Wamarekani weusi waliozaliwa na jeni ya PCSK9 iliyozimika. Kolesteroli yao ilikuwa chini sana na walikuwa wazima. Ugunduzi huo ulisukuma mbele dawa za sindano ambazo leo hushusha kolesteroli kwa watu wa rangi zote.

Uganda haikuanza juzi. Kyamulibwa, wilaya ya Kalungu, pana wanakijiji wanaofuatiliwa na watafiti tangu 1989, mwanzoni kwa ajili ya ukimwi. Kutoka kwao, mwaka 2019, zilichapishwa taarifa za vinasaba vya watu wapatao 6,400, na karibu 2,000 kati yao vilisomwa vyote mwanzo hadi mwisho. Huo ulikuwa utafiti wa magonjwa kama kisukari na ya moyo.

Kwa magonjwa ya akili, mradi mkubwa ni NeuroGAP-Psychosis, ulioanza kuandikisha watu mwaka 2018 katika nchi nne: Uganda, Kenya, Ethiopia na Afrika Kusini. Kwetu umeongozwa kupitia Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na Taasisi ya Broad, kituo cha utafiti wa vinasaba, na Chuo Kikuu cha Harvard, zote za Marekani. Uliandikisha zaidi ya watu 40,000, wagonjwa wa skizofrenia na bipola pamoja na wazima wa kulinganisha. Sambamba nao, vijana watafiti wa nchi hizo walifundishwa hesabu za vinasaba, ili siku moja kazi yenyewe ifanyike hapa. Hilo la mafunzo nalipima kuwa zito kuliko mate.

Mate yangu yakienda Marekani, watayauza?

Ninawaelewa wanaoogopa. Sisi ni watu tuliochukuliwa vitu vingi.

Utafiti wowote wa namna hii Uganda lazima upite kwenye kamati ya maadili na kwenye Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na sampuli haitoki nchini bila mkataba wa kuisafirisha. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi inataka ridhaa yako. Chupa ya mate huandikwa namba, haiandikwi jina. Katika NeuroGAP mgonjwa aliulizwa maswali mafupi kwanza kuona kama ameelewa alichoelezwa. Asiyeelewa alielezwa tena, na aliyeshindwa hakuandikishwa. Nalipenda sana jambo hilo, kwa sababu mtu anayepanda anaweza kukubali chochote.

Una haki ya kukataa na bado ukapewa dawa zako. Ukiambiwa vinginevyo, umedanganywa. Katika hospitali moja, ambayo siitaji, nilimsikia mtu akimwambia mama mmoja kwamba foleni ya watoa mate ni fupi kuliko ya wagonjwa. Hiyo ilikuwa kumnunua kwa muda wake, na nilimwambia hivyo.

Kinyongo changu ni kimoja. Mtoa mate hapati jibu lake mwenyewe. Sababu ni halali, kwa kuwa jibu la mtu mmoja bado halina maana ya kitabibu. Lakini jibu la wote linaweza kurudi: watu wakusanywe kwenye ukumbi wa kata, waelezwe kwa Kiacholi, Kinyankole, Kiswahili, ni nini kimepatikana kutokana na mate yao. Taarifa iliyoandikwa kwa Kiingereza katika jarida la Marekani haijafika Arua.

Utafutaji huu wote umeleta dawa gani mpya?

Mpaka sasa, hakuna. Afadhali mlisikie kwangu. Lithiamu ilianza na daktari wa Australia, John Cade, mwaka 1949, kabla hata umbo la vinasaba halijajulikana. Bado ni miongoni mwa dawa bora na inapunguza watu kujiua, ila inataka damu ipimwe mara kwa mara, figo na tezi ya shingo zichunguzwe, na mtu anywe maji ya kutosha wakati wa jua kali. Valproeti, dawa nyingine, nayo husaidia, lakini mwanamke anayeweza kushika mimba asipewe bila mazungumzo marefu, kwa sababu inamdhuru mtoto tumboni.

Kinachotarajiwa kwanza kutoka kwenye jeni ni kuchagua dawa vizuri. Mwaka 2016 kundi la kimataifa lilichapisha alama za vinasaba zinazohusiana na kuitikia lithiamu. Bado hazijafika kliniki.

Mdogo wangu hajalala siku tatu na anaongea peke yake. Twende wapi, na tubebe nini?

Nendeni hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu: Arua, Gulu, Lira, Mbale, Mbarara, Masaka na nyingine zina kitengo cha akili. Butabika, iliyopo tangu 1955, ni ya rufaa ya taifa, si lazima muanzie huko. Akizungumzia kufa au akiwa hatari kwa wengine, nendeni usiku huohuo. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 inaruhusu matibabu ya dharura, na pia inampa mgonjwa haki ya kutobaguliwa.

Bebeni dawa zote anazotumia, hata za duka la pembeni. Andikeni tarehe aliyoanza kutolala. Halafu andikeni jambo ambalo familia nyingi huacha nyumbani: nani katika ukoo aliwahi kuugua hivi, na dawa ipi ilimtuliza. Kuitikia lithiamu huelekea kufuata familia, kwa hiyo jibu la bibi au mjomba linaweza kumwokolea mgonjwa wenu miezi ya kujaribu dawa.

Binamu yangu, mtoto wa huyo shangazi, alipanda mwaka wake wa pili chuoni. Daktari aliuliza kama kuna mtu nyumbani. Wajomba wawili wakaanza kukohoa. Mama akafungua mkoba akatoa daftari la kliniki la shangazi, lenye miaka 11 ya vipimo vya lithiamu, akaliweka mezani.